Tulivyolipima Jiwe kwa Kivuli Chake

Mliponiaga pale ukumbini siku niliyostaafu, Hamisi alisimama na soda mkononi akasema, "Mama Eliya anaondoka, na habari ya lile jiwe hajatuandikia." Watu wakacheka, nami nikaahidi, kama mtu anavyoahidi akiwa amevalishwa kitenge kipya mabegani. Sasa nimekaa nyumbani Kilosa wiki kadhaa, kuku wameshanizoea, na kila asubuhi mkono bado unatafuta kalamu. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vipo kwenye faili, na mishahara ya wapima ardhi mnaijua wenyewe. Nitawaeleza kazi ilivyoanza, walionifundisha, na habari ya jiwe hilo, ambalo nilishiriki kulipima ingawa sijawahi kuliona.

Nilifika Kilosa kwa treni wakati wa masika, nimetoka chuoni na sanduku la bati na viatu vyeupe. Msiniulize kwa nini vyeupe. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa, na matope ya mji yalivimaliza viatu vile kabla sijaiona ofisi. Kiongozi wa kikosi cha upimaji alikuwa Mzee Senyagwa, Mkaguru wa milimani, msomi wa shule ya misheni, mwimba besi kanisani. Nilimkuta anafuta lenzi kwa kitambaa cha flaneli. Nikamwambia, "Habari za kazi." Hakujibu. Akaendelea kufuta, taratibu, mpaka nikaelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa tunaweza kuanza kazi."

Kikosi kizima kilikuwa cha wanaume, na najua walikuwa na maswali. Mzee Senyagwa hakuniuliza kama mwanamke anaweza kubeba miguu mitatu ya chombo kupanda mlima. Alinitwisha tu, akatangulia mbele.

Chombo chenyewe kilikuwa thiodolaiti ya zamani: darubini ndogo iliyofungwa juu ya sahani yenye namba, ya kupimia pembe. Ninyi mnabonyeza kitufe, namba inajitokeza. Sisi tulisoma namba kwa jicho, kwenye kioo kidogo, na ukikohoa wakati mwenzako anasoma ulikuwa na kesi. Mzee alipenda kazi ya milimani, kule ambako mawe ya mipaka ya zamani yalikuwa yamepotea na hapakuwa na kitu cha kuanzia. Huko tulitafuta kaskazini kwa kutumia nyota. Jioni moja, kwenye uwanja wa shule ya msingi huko Ukaguru, aliniita nitazame. Ndani ya lenzi kulikuwa na uzi mwembamba mweusi, na nyota moja inausogelea.

"Mbona inakimbia?" nikauliza.

"Imetulia. Wewe ndiye unayezungushwa. Ikigusa uzi, sema 'sasa'."

Nikasema sasa. Akasoma saa, akaandika, akatikisa kichwa. "Umesema kabla. Ulitaka kunifurahisha. Rudia." Nikarudia, nikachelewa. "Safari hii umeogopa. Rudia." Tulirudia mpaka nikaacha kumfikiria yeye, nikabaki na nyota na uzi. Ndipo akageuza chombo upande wa pili, akaniamuru nipime upya kana kwamba sijawahi kupima. Vipimo viwili vilipokaribiana, alifunga daftari akasema tukale ugali. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya sifa, na nimewahi kufanya kazi na watu wenye sifa nyingi zaidi ambao sikujifunza kwao hata nusu yake.

Kazi ngumu mnazijua. Yangu ngumu kuliko zote ilikuwa mpaka wa Tindiga, kati ya mashamba ya mpunga na malisho. Watu walikuwa wameshaumizana kabla sijafika. Nilikuta wakulima wamesimama upande huu na majembe, wafugaji upande ule na fimbo, na mimi katikati na miguu mitatu ya chombo. Niliomba watu wawili tu, mkulima mmoja na mzee mmoja wa wafugaji, watembee nami mstari mzima wakiwa wameshika ncha mbili za kamba moja. Siku ya kwanza hawakusemeshana. Siku ya pili mkulima alikanyaga mwiba, na mzee yule akauchomoa kwa ncha ya kisu chake. Hakuna aliyepata alichokitaka chote, lakini mawe ya mpaka ule yamesimama mpaka leo. Mzee yule wa wafugaji alibaki rafiki yangu, na kila nilipopita alinipa maziwa niyanywe hapo hapo mbele yake.

Miaka ikaenda. Mzee Senyagwa alistaafu akarudi milimani kulima maharage, na baadaye tukamzika huko. Zikaja mashine mpya, ikaja GPS, akaja Hamisi na hereni aliyoivua siku ya tatu bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa nimebakiza miaka michache tu ya utumishi alipoingia ofisini mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Kiwanja kiko wapi?"

"Sina kiwanja," akasema. "Natafuta mahali pa kusimama."

Huyo ndiye Dokta Tumaini, mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa mambo ya anga. Hamisi alimletea kiti. Alikaa, akaomba taa ya mezani, akachukua kifutio changu cha penseli, akakiweka kati ya taa na ukuta. Kivuli cha kifutio kikaonekana ukutani.

"Taa ni nyota," akasema. "Kifutio ni jiwe linalozunguka jua. Ukuta ni Kilosa."

Alitueleza kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe mengi mno, makubwa kwa madogo, kila moja lina njia yake ya kulizunguka jua. Yanaitwa asteroidi. Lake lilikuwa na namba tu, halina jina la kupendeza. Linalizunguka jua kwa miaka mitano na kitu, kwenye njia iliyovutwa kidogo kama yai, iliyoinama kuliko njia ya dunia yetu. Linajizungusha lenyewe mara kadhaa kwa siku. Ni jeusi kama mkaa. Yote hayo yalijulikana kwa kutazama kinukta kimoja cha mwanga kwa miaka mingi, kinavyosogea na kinavyofifia na kung'aa. Nilimtazama Hamisi, nikaona ameacha simu yake mezani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kama mnajua yote hayo," Hamisi akauliza, "ukubwa wake unawashindaje?"

"Kwa sababu kwa mbali ni nukta. Jiwe kubwa jeusi sana na jiwe dogo lenye weusi hafifu yanatoa mwanga sawa. Tunakisia tu." Kisha akasogeza kiti. "Na hili lina kimwezi kidogo kinacholizunguka. Kwa mwendo wa kimwezi hicho tumeshajua uzito wa jiwe. Sasa fikirini gunia. Ukijua uzito wake, na ukajua ukubwa wake, hata usipolifungua utajua ndani mna mahindi au pumba."

"Na hesabu zinasema nini?"

"Kwa ukubwa tunaoukisia, zinasema ni jepesi kuliko maji. Jiwe hilo. Kuna kitu hatujakielewa."

Ndani ya mwezi ule, jioni moja, jiwe lingepita mbele ya nyota yenye mwanga wa kutosha, na kivuli chake kingetoka baharini, kipite Pwani na Morogoro, kivuke wilaya yetu kuelekea magharibi. Safari ya kutoka Dar mpaka hapa, ambayo basi linahitaji sehemu kubwa ya siku, kivuli kingeimaliza kwa muda wa mtu kuwaamkia wazee watatu. Upana wa kivuli ndio upana wa jiwe. Kwa hiyo alitaka watu wenye darubini wapangwe mstari kutoka kaskazini kwenda kusini, kama wakata miwa wanavyojipanga kabla ya kuingia shambani, Kilosa mpaka Kidodi. Kila mmoja arekodi nyota inapozimika na inapowaka tena. Ukijua kila mmoja amesimama wapi hasa, unalo umbo la jiwe.

"Ukijua kila mmoja amesimama wapi hasa," akarudia, akinitazama.

Nikaelewa kwa nini amekuja ofisi ya ardhi.

Baadaye, tukinywa chai, alituambia kwamba hii ilikuwa mara yake ya tatu kufukuza vivuli. Mara ya kwanza mawingu yalifunga pwani nzima. Mara ya pili njia ilikosewa kidogo, kivuli kikapita pembeni, watu wake wote wakarudi mikono mitupu. Darubini alikuwa ameziazima na zilitakiwa kurudishwa. Alisema hayo bila kulalamika, kama mkulima anavyosimulia misimu miwili mibaya huku anachambua mbegu za msimu wa tatu. Nilimpenda kuanzia hapo.

Tukapata vituo. Kilosa mjini, uwanja wa shule. Tindiga, mbugani karibu na boma la rafiki yangu mfugaji, ambaye alikubali kabla sijamaliza sentensi kisha akauliza kama wageni wanakunywa maziwa. Viwili Mikumi, kimoja uani mwa nyumba ya wageni, kwa sababu tembo hawafuati ratiba ya mtu. Kimoja Kidodi. Na kimoja Ruhembe, katikati ya miwa, ambacho nilipewa mimi baada ya Dokta kunifundisha darubini yake. Haikuwa na tofauti kubwa na chombo cha ujana wangu, ila badala ya jicho kulikuwa na kamera na kioo kidogo cha kutazamia, na saa yake ilitoka kwenye GPS.

Tatizo la Ruhembe ni moshi. Nyinyi mnajua: msimu wa mavuno shamba la miwa huchomwa jioni, majani yaungue, wakata miwa waingie asubuhi. Bonde zima hufukiwa. Nikaenda kwa Bibi Zuhura, mkulima wa nje, yaani anayekiuzia kiwanda cha sukari miwa ya shamba lake mwenyewe, na shamba liko pale pale tulipotaka kusimama. Babu yake alikuja toka mbali kufanya kazi ya mkonge, na yeye ndiye anayeheshimiwa na wakulima wa upande ule. Zamu yake ya kuchoma ilikuwa jioni ile ile.

Nilimwamkia, nikaeleza. Alisikiliza huku anapeta mchele.

"Jiwe hilo litatuangukia?"

"Hapana bibi. Liko mbali kuliko jua, karibu mara mbili."

"Mtaliona?"

"Hatutaliona."

"Kwa hiyo halituangukii, halionekani, na mnataka nisichome miwa." Akapeta tena. "Mnalitakia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema habari za elimu na taifa. Badala yake nikamweleza habari ya gunia. Aliweka ungo chini. Alikuwa ameuza na kununua nafaka maisha yake yote, na mtu kama huyo hawezi kuona gunia lililofungwa asitake kujua kilichomo.

"Nitachoma alfajiri," akasema. "Nitaongea na wenzangu. Lakini na mimi nitakuwepo."

Aliongea nao kweli, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Wenzake walikubali, na wengine walibadilishana zamu ili yeye asipoteze lori la kubebea miwa yake. Mpaka leo sijui aliwaambia nini. Hakuna barua ya wilaya ambayo ingeweza kupata kitu kama kile.

Jioni yenyewe anga lilikuwa safi. Nilifunga darubini uwanjani pembeni ya shamba lake, nikapima mahali, nikakagua nyaya. Dereva wetu, Mwinyi, alikuwa anamenya chungwa. Jua lilikuwa limeshazama, wekundu bado uko nyuma ya mlima, Bibi Zuhura aliposema kwa sauti ya chini, "Angalia kule."

Moshi ulikuwa unapanda upande wa mashariki, kwenye shamba ambalo mwenyewe anaishi Morogoro. Baadaye ilisemekana ni wawindaji wa ndezi, huwasha moto ili wanyama watoke. Moto wa miwa hauzimwi, unasubiri umalize. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na ukuta mweusi, hasa upande ambao nyota yetu ilikuwa inapanda, na majivu yakaanza kutudondokea kichwani. Nilimfikiria Dokta kule Mikumi, na msimu wake wa tatu.

Bibi Zuhura alikuwa anatazama moshi, siyo mimi. "Saa hizi upepo unashuka kutoka mlimani," akasema. "Moshi utalala hapa bondeni mpaka usiku. Twendeni juu, shamba la marehemu kaka yangu. Kule hauendi."

"Ni mbali?"

"Kwa gari ni karibu. Barabara ndiyo mbaya."

Mwinyi akatupa chungwa. Nilifungua darubini, nikaifunga kwenye blanketi, nikaipakata mapajani. Bibi Zuhura alikaa mbele akielekeza: kushoto, fuata mfereji, polepole kuna shimo, sasa panda. Tulipotokea juu, pale palipokuwa na gofu la nyumba na uwanja mpana wa nyasi fupi, moshi ulikuwa chini yetu kama maji ya mafuriko, na juu nyota zote zilikuwa kwenye nafasi zake. Bibi alishuka, akapanga khanga yake vizuri, akasema, "Haya."

Vijana, hapa ndipo mazoezi yanapomfaa mtu. Mikono ilifanya kazi kabla kichwa hakijatulia. Miguu mitatu ikakanyagwa ardhini, kiputo cha maji kikakaa katikati, GPS ikapima mahali papya. Kisha kutafuta nyota. Nilikuwa nimeikariri: inakaa kati ya nyota tatu zilizopangwa kama mafiga, karibu zaidi na figa la kushoto. Nikaipata. Muda ulikuwa umebaki kidogo, na mtu mwenye akili timamu angeacha hapo. Nikaipoteza kwa makusudi, nikarudi kwenye nyota kubwa ya jirani, nikaitafuta tena kwa njia nyingine, kana kwamba sijawahi kuipata. Nikafika kwenye mafiga yale yale. Nikawasha kurekodi.

Sisi watatu tukakitazama kile kioo kidogo. Nyota ilikuwa inatetemeka kidogo, kama zinavyotetemeka. Muda uliotabiriwa ukafika. Ukapita. Nyota ilikuwa inatetemeka vile vile.

"Imezimika?" Bibi Zuhura akauliza.

"Haijazimika."

"Labda tumepepesa macho."

"Mashine haipepesi, bibi."

Nikaacha irekodi zaidi, nikijua haina maana tena. Mwinyi alisogea pembeni akawa anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Simu ikalia. Alikuwa Hamisi, kutoka Mikumi, na sauti yake sijawahi kuisikia vile.

"Mama, imezimika. Kama mtu amebonyeza swichi. Ikakaa, ikawaka. Na Kilosa wamepata, na Tindiga wamepata. Mzee wa Tindiga aliiona kwenye kioo akasema imemezwa. Kwenu vipi?"

Nikamwambia. "Kidodi pia hawakupata," akasema, "lakini wao ilitarajiwa wawe nje. Nyinyi mlitakiwa kuwa ndani." Nikasikia watu wanaongea nyuma yake, na sauti moja ikisema wazi kabisa kwamba pengine kule Ruhembe walilenga nyota nyingine, si walihamahama gizani. Sikumlaumu aliyesema. Hata mimi ningesema.

Kisha simu ikachukuliwa na Dokta Tumaini.

"Mama Eliya. Nieleze ulichokuwa unakitazama."

Nikamweleza mafiga. Nikamweleza nyota hafifu iliyokuwa ukingoni mwa kioo. Nikamweleza kwamba niliitafuta mara mbili, kwa njia mbili.

"Na haikuzimika hata kidogo? Hata kufifia?"

"Hata kidogo."

Nikasikia anapekua karatasi zake. Ningeelewa kama angeshukuru kwa adabu na kukiweka kituo changu pembeni. Watu wake wengine walikuwa na matokeo mazuri, angeweza kuyatumia hayo. Lakini aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa kama ya mtu anayejisemesha mwenyewe.

"Basi jiwe haliko pale," akasema. "Mama, kama nyota haikuzimika, jiwe haliko pale. Lala salama. Asubuhi njoo na chombo chako cha kuchorea."

Asubuhi tulikusanyika Mikumi, kwenye meza ndefu ya nyumba ya wageni, chapati upande mmoja na karatasi upande mwingine. Bibi Zuhura alikuwa ameshachoma miwa yake alfajiri, kama alivyosema, akaja nasi akinuka moshi. Mimi nilitoa rula yangu. Nilichora vituo vyetu sita kwa vipimo sahihi, kila kimoja na mstari wake wa kwenda magharibi. Kisha Dokta alisoma muda wa kuzimika na kuwaka, na kila muda nikaugeuza kuwa urefu, nikaukoleza kwa wino. Kilosa, mstari wa wastani. Tindiga, mrefu. Mikumi ya kaskazini, mrefu zaidi. Mikumi mjini, mfupi kuliko ilivyotegemewa, na umeanza kwa kuchelewa. Ruhembe, mtupu. Kidodi, mtupu.

"Unganisha ncha," Dokta akasema.

Nimechora viwanja, mashamba, makaburi, uwanja wa mpira mmoja ambao goli lake lilikuwa kwenye ardhi ya kanisa. Mkono wangu unajua jinsi mpaka unavyotoka kwenye karatasi. Lakini ncha zile niliziunganisha kwa penseli kwanza, kama mwanafunzi, na sioni aibu kusema. Upande wa kaskazini ulikuwa wa mviringo mzuri. Upande wa kusini, pale Mikumi mjini na Ruhembe, mstari uliingia ndani, kama embe lililong'atwa. Hakuna aliyegusa chapati.

Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuliona umbo la kitu kile, na lilikuwa mezani kwetu Mikumi, lina alama ya kikombe cha chai pembeni.

"Kumbe si kubwa kama tulivyodhani," Dokta akasema. "Kuna pande zima halipo. Bila Ruhembe ningelijazia mviringo nikaendelea kukosea." Akamgeukia Bibi Zuhura, akampa mkono kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kama binti wa nyumbani. "Ahsante bibi."

"Sijafanya kitu," Bibi Zuhura akasema. Alikuwa ameinama juu ya karatasi, anafuatisha ile sehemu iliyoingia ndani kwa kidole. "Sasa ndani mna nini?"

"Hilo litachukua muda. Nitarudi na mchoro huu kwenye hesabu."

Nimeshafanya kazi na wakubwa waliopata sifa kwa kazi ya vikosi vyao na hawakukumbuka kununua hata soda. Dokta Tumaini alipoandika matokeo yake aliweka majina yetu yote, na la Bibi Zuhura, na la mzee wa Tindiga, na la Mwinyi dereva. Hamisi aliomba ruhusa ya kwenda kusoma zaidi, na mnajua alivyorudi. Siku hizi anawafundisha nyinyi kupima upande wa pili hata mashine inaposema haina haja, na nasikia mnamlalamikia. Endeleeni kulalamika, lakini pimeni.

Jibu la ndani mna nini lilikuja miezi mingi baadaye, nikiwa kazini kijiji cha Ulaya, hapa hapa wilayani kwetu, juani, tunaweka jiwe la mpaka kati ya shule na zahanati. Simu ikaita.

"Mama, shikamoo. Hesabu zimekubali," Dokta akasema. "Si jepesi kuliko maji. Ni mawe ya kawaida, ila yamekaa na mapengo mengi katikati. Ni kifusi."

"Kifusi?"

"Zamani sana kuna kitu kililigonga upande ule wa kusini. Likavunjika vipande. Lakini vipande havikutawanyika vyote, vilivutana vikarudi, vikajikusanya tena. Hakuna kinachovishikilia zaidi ya uzito wao wenyewe. Na bado vinazunguka jua pamoja, kwenye njia ile ile, havijachelewa hata mara moja."

Alikata simu, maana alikuwa na wengi wa kuwapigia. Nilibaki nimesimama na simu mkononi. Nilikuwa nawawaza wale wawili wa Tindiga, kila mmoja na ncha yake ya kamba. Vijana wa kikosi waliacha kuchimba, wakatazamana, na mmoja akanisogelea, amevua kofia.

"Mama, kuna msiba?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna msiba. Shika fimbo ya kupimia wima, tuendelee."